Anaweza Asije, Hawezi Kuja

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya walimu wa Kiingereza wa sekondari waliokutana Tanga kwa semina ya wakati wa likizo. Waliokosa wameomba yaandikwe yote, nami nimeyaacha jinsi yalivyotoka, pamoja na pale nilipokatizwa. Michoro ya ubaoni nimeiruka. Haikuwa mizuri.

Shikamooni wakubwa zangu. Rika langu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana wa mwaka wa kwanza kazini mliojibana karibu na mlango, marahaba, hata kabla hamjaniamkia.

Nimeombwa nizungumzie namna Kiingereza kinavyoeleza uwezekano: may, might, could, can, must. Kwenye ratiba limeandikwa jina refu zaidi, mmeliona. Mimi si mwalimu tena. Nilishika chaki miaka minne, nikaiweka chini, na sasa riziki yangu ni kutafsiri: vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya pango, karatasi za dawa, mara mojamoja hukumu ya mahakama. Kwa hiyo sikuja kama bingwa wa sarufi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na maneno haya yaliniuma mapema.

Nina karatasi hapa. Wa nyuma mnaiona? Haidhuru, nitaisoma.

Ni barua pepe ya mwaka 2008. Nilikuwa nimeomba kazi ya ukalimani katika ofisi ambayo sitaitaja. Siku zile intaneti tuliifuata mjini, kwenye vibanda vya kompyuta, unalipia nusu saa na mwenye kibanda anakuchungulia saa ukutani. Nikaichapisha nikaisome nyumbani kwa utulivu. Sentensi ya tatu inasema: "We may not be able to hold interviews before the end of June."

Nikaisoma, nikaielewa. Niliielewa vibaya, lakini niliielewa kabisa, bila chembe ya wasiwasi: hatutaweza kufanya usaili kabla ya mwisho wa Juni. Ilikuwa Mei. Nikaona nina wiki kadhaa za bure, nikapanda basi kwenda Kilindi kumsaidia dada yangu shambani. Simu huko ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zahanati, tena jioni.

Wiki ya pili ya Juni wakanipigia. Kesho yake wakanipigia tena. Kesho kutwa wakafanya usaili.

Mimi nikateremka mjini mwisho wa mwezi, shati limepigwa pasi, karatasi mfukoni. Dada wa mapokezi akaniangalia kwa huruma. "Kaka, tulishapata mtu." Nikamtolea karatasi hii hii. "Mliniandikia kwamba hamtaweza kabla ya Juni kwisha." Akaisoma, akatafuta kalamu, akaweka nukta chini ya neno moja. "Tulikuandikia huenda tusiweze."

Nukta yenyewe hii hapa. Wino wa bluu. Bado ipo.

Sasa niwaulize, wenzangu. "May not" ile niliisomaje? Niliisoma kama "cannot". Kwa nini? Kwa sababu nilipokuwa kidato cha pili ubaoni paliandikwa: can, weza, may, weza, might, wakati uliopita wa may. Nikanakili daftarini. Kama may ni weza na can ni weza, basi may not na cannot zote ni kutoweza. Hesabu imefunga. Aliyeniandikia alikuwa mwalimu mzuri sana, Mungu amrehemu, naye aliandikiwa hivyo hivyo. Na mimi nilipopewa chaki niliandika nini? Hivyo hivyo. Na ninyi mnaandika nini?

(Hapa pana waliocheka na pana waliotazama chini.)

Tuwache Kiingereza kidogo, twende kwa fundi cherehani. Umepeleka kitambaa cha harusi. Fundi wa kwanza anakwambia: "Naweza nisimalize Ijumaa." Fundi wa pili anakwambia: "Siwezi kumaliza Ijumaa." Je, wamesema jambo moja?

(Ukumbi: Hapana!)

Nani aliwafundisha tofauti hiyo? Hakuna. Hakuna hata mtoto wa darasa la pili atakayeikosa. Kwa fundi wa kwanza utamwachia kitambaa huku unamwombea dua. Kwa wa pili utakichukua na kuondoka. Na tazameni kitu chenyewe kilivyokaa. Katika "naweza nisimalize", kikanushi kiko wapi? Kiko kwenye kumaliza. Kuweza kumebaki kuzima. Katika "siwezi kumaliza" kikanushi kimekaa kwenye kuweza, na kumaliza ndiko kumebaki kuzima. Anaweza asije. Hawezi kuja. Vipande ni vile vile. Kilichohama ni mahali kikanushi kinapouma.

Kiingereza kina tofauti hiyo hiyo, ila hakikuitengeneza kwa kukihamisha kikanushi. Kikanushi chake hukaa pale pale, baada ya kitenzi kisaidizi, kisha kinabadilishwa kitenzi kisaidizi chenyewe. "She may not come": anaweza asije. "She cannot come": hawezi kuja. Macho yanaona not imekaa nafasi moja, na akili inadanganyika kwamba inafanya kazi moja. Haifanyi kazi moja! Katika may not, not inakwenda mbele na kuuma kuja. Katika cannot inageuka nyuma na kuuma kuweza.

Na hapo ndipo could na might, ambao wanatembea kama mapacha, wanapoachana njia panda. Mama anatafutwa. "She could be at the market." "She might be at the market." Sawasawa, huenda yuko sokoni. Sasa kanusha. "She might not be at the market": huenda hayuko sokoni, lakini peleka mtoto akaangalie. "She could not be at the market": haiwezekani awe sokoni, usimsumbue mtoto. Wanafunzi wetu wanafundishwa kwamba could na might ni kitu kimoja, na katika sentensi za kukubali ni kweli. Hakuna anayewaambia kwamba undugu huo unakufa pale not inapoingia mlangoni.

Hapo nyuma mwalimu mmoja akanyoosha mkono. Akasema, "Lakini shuleni kwetu getini pameandikwa 'Students may not leave the compound before 4 p.m.' Hiyo nayo ni huenda wasitoke?"

Asante, mwalimu, umeniwahi. Hapana, hiyo ni hawaruhusiwi. May ina kazi ya pili, ya ruhusa, na ndiyo may ya kwanza kila Mtanzania aliyoijua maishani: "Please teacher, may I go out?" Tuliisema kabla hatujajua hata kusoma jina letu, tena kwa pumzi moja kama neno moja. Inapokanushwa inakuwa marufuku. Kwa hiyo may not moja inaweza kuwa huenda-si na inaweza kuwa marufuku, na kinachokuamulia ni mahali ilipobandikwa. Getini, marufuku. Kwenye barua pepe ya kazi, huenda. Kwenye mkataba wa pango inategemea kifungu, na hapo ndipo mimi hulala saa nane usiku.

Jambo la pili. Hili linamhusu ami yangu, naye ameniruhusu nilisimulie mradi nisiseme anadaiwa na nani.

Ami ni mvuvi, Pangani. Mwaka mmoja wakati wa kusi alitoka na ngalawa asubuhi, upepo ukageuka, wimbi likaipindua. Akashika mrengu, akaelea nao mpaka wenzake walipomfikia. Alirudi nyumbani amemeza maji ya chumvi na amepoteza kiatu kimoja. Hayo tu. Jioni akawa barazani anakunywa kahawa, anasimulia kwa mara ya saba, na kila anaposimulia wimbi linazidi kimo.

Sasa katika ukoo wetu yuko dada aliyeolewa Uingereza, Leicester, na mumewe hajui Kiswahili ila "asante" na "karibu". Kijana wetu mmoja, kidato cha nne, mjuzi wa Kiingereza kuliko wote pale nyumbani, akaona ni heshima ampashe shemeji habari. Alitaka kusema: ami jana nusura azame. Akaandika: "Our uncle may have drowned yesterday."

Mnaona kilichotokea? Shemeji kule amesoma: huenda ami yetu amezama jana. Kwamba hajaonekana. Kwamba watu wako ufukweni na tochi. Dada kazima jiko, kaanza kulia. Jamaa wa pale mjini wakaitwa, wakasoma Yasini. Usiku huo pesa zikatumwa kwenye simu ya mama mkubwa, na ujumbe wa pole. Mama mkubwa, ambaye hakuwa na habari ya msiba wowote, akapiga simu kuuliza nani amekufa. Aliyepokea simu ni marehemu mwenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Na huo ubani wangu, nani kaupokea?"

(Ilinibidi nisubiri ukumbi utulie.)

Tucheke, lakini tutazame kosa liko wapi, kwa sababu yule kijana si mjinga. Alijua may ni uwezekano. Alijua have na drowned ni jambo lililopita. Akaunganisha: uwezekano uliopita. Ami alikuwa na uwezekano wa kuzama jana, ndiyo au siyo? Ndiyo! Basi.

Ila uwezekano uliopita una milango miwili. Upo uwezekano uliofungwa: jambo lingetokea, halikutokea, tunajua halikutokea, ndiyo maana tunakunywa kahawa. Na upo uwezekano uliobaki wazi: jambo limekwisha kutokea au halikutokea, sisi ndio hatujui. Kiswahili kinaupa kila mlango neno lake, na milango haichanganyiki. Mlango uliofungwa: angezama, angalizama, nusura azame. Mlango ulio wazi: huenda amezama, pengine amezama. (Walimu wa Kiswahili watanisamehe kuhusu -nge- na -ngali-, najua zilivyogawanywa vitabuni, lakini mtaani siku hizi watu wanazitumia kama kaka na dada wanaovaliana mashati.)

Kiingereza cha vitabu kinasema may have ni ya mlango ulio wazi tu. "He may have drowned": hatujui. Might have na could have zinaingia milango yote miwili. "He might have drowned" inaweza kuwa hatujui, na inaweza kuwa angezama, ashukuru mrengu. Wapo Waingereza wenyewe siku hizi wanaotumia may have hata kwa jambo ambalo halikutokea, na wahariri wao wanaguna. Sisi tusiingie katika ugomvi huo tukiwa na msiba mkononi. Mfundisheni mtoto hivi: kama mtu yuko hai, andika "nearly drowned". Nusura ina neno lake, lipo, ni rahisi, halihitaji modali yoyote, yaani may, might na wenzao.

Hapa niguse can haraka, kwa maana ndiyo inayotuponza kila siku ingawa haiui mtu. Wanafunzi wanaandika "It can rain tomorrow." Nyekundu! Kwa nini wanaandika? Kwa sababu mvua inaweza kunyesha kesho, Kiswahili safi kabisa. Lakini can ya Kiingereza katika sentensi ya kukubali husema tabia ya kitu, haisemi bahati ya siku moja. "Lushoto can be very cold in July": ndivyo palivyo, muulize yeyote aliyewahi kulala kule bila blanketi la pili. "Lushoto may be cold tomorrow": hilo sasa ni la kesho. Nimeona njia moja ya kuwashikisha. Kama Kiswahili chake unaweza kukianza kwa hu-, huweza kuwa na baridi, basi can inafaa. Kama unaweza kukianza kwa huenda, tafuta may au might. Si kanuni ya chuma, ila inapunguza wino mwekundu.

Na ulizeni pia: maneno haya yalitoka wapi? Mimi hili hunipa raha, mnivumilie. Can ya leo katika Kiingereza cha kale ilikuwa kujua. Si ndivyo tusemavyo? "Unajua kuogelea?" hatuulizi elimu, tunauliza kama mtu akitumbukia atatoka. May ilikuwa kuwa na nguvu, na might bado ni jina la nguvu mpaka leo. Nasi uwezekano wetu umetoka katika uwezo, na mtu wa pwani asiye na nguvu za mwili anasema siwezi, maana yake naumwa. Watu wa visiwa vya baridi na watu wa pwani ya joto wamepita njia moja: kutoka misuli hadi bahati.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Must, neno la lazima, ukilifuata nyuma unalikuta katika kitenzi kilichokuwa na maana ya kuruhusiwa. Lilianza kama ruhusa, likaishia kama amri. Na labda yetu? Labda imetoka katika Kiarabu, la budda, na maana yake kwa Waarabu ni hapana budi! Hapana budi ile ile ambayo bado tunayo, imekaa chumba cha pili. Sisi tuliipokea lazima bandarini, tukaichovya kwenye maji ya bahari, ikatoka labda. Waingereza walichukua ruhusa wakaikausha ikawa lazima. Sitoi tafsiri ya tabia za watu hapo. Nawaachia.

(Sauti: "Tunaijua tafsiri!")

Neno moja la kuweza laweza kuleta vita? Mfano nitakaoutoa si wa Kiingereza, ni wa Kiamhari na Kiitaliano, lakini ni wa Afrika yetu hii. Tarehe 2 Mei 1889, mahali paitwapo Wuchale, Menelik wa Ethiopia alitiliana mkataba na Italia. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Anaweza. Akitaka. Kifungu hicho hicho kwa Kiitaliano kilisema amekubali kuitumia, na Italia ikakisoma kama wajibu. Roma ikawatangazia wakubwa wa Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik alipojua kilichoandikwa upande wa pili, akabisha, na mwaka 1893 akaukana mkataba. Tarehe 1 Machi 1896 wakakutana Adwa. Matokeo ya Adwa mnayajua, Waitaliano walishindwa, na walimu wa historia wanayafundisha vizuri kuliko mimi. Vita haina sababu moja, wala sisemi Waitaliano waliteleza kalamu kwa bahati mbaya. Wanahistoria wanabishana hapo. Nasema kwamba kati ya anaweza na itambidi palikuwa na nchi nzima.

Na sisi hapa? Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inasema may inapotoa mamlaka maana yake mwenye mamlaka anaweza kuyatumia au asiyatumie, kwa hiari yake. Shall ni lazima. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu na ya mahakama, na lundo la sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza lazima livuke mto. Nani atalivusha? Watoto walio mbele yenu sasa hivi, wanaonakili kwamba may ni weza na shall ni wakati ujao.

Sasa niingie mahali ambapo tutagombana. Najua baadhi yenu mna ngazi mnayoichora ubaoni. Must, asilimia 95. May, 50. Might, 30. Nimeiona katika madaftari ya watoto wa jirani, imepigiwa mstari kwa rula. Naomba niulize kwa adabu: nani aliwapimia?

Mwaka 1951 Marekani, shirika la ujasusi la CIA liliandika tathmini kuhusu Yugoslavia. Ikasema shambulio kutoka kambi ya Wasovieti mwaka ule lichukuliwe kuwa ni uwezekano mkubwa wa kutiliwa maanani. Kwa maneno yao, "serious possibility". Mmoja wa wakuu wa kazi hiyo aliitwa Sherman Kent. Ofisa mmoja wa serikali akamuuliza: hiyo ina maana gani hasa? Kent akamjibu kwamba yeye alifikiria kama 65 kwa 35 kwamba shambulio litakuja. Yule ofisa akashtuka, kwani alikuwa ameisoma kuwa ni ndogo zaidi ya hapo. Kent akawarudia wenzake mezani, wale wale waliokubaliana juu ya maneno hayo hayo, akawauliza mmoja mmoja. Mwingine alikuwa na 20 kwa 80, mwingine 80 kwa 20. Walikaa meza moja, wakatia sahihi sentensi moja, na vichwani kila mtu ana namba yake. Shambulio lenyewe halikuja.

Kama majasusi kazini hawakubaliani, wewe unamnyima mtoto alama kwa sababu ameandika may badala ya might? Vitabu husema might ni dhaifu kidogo, na huenda ni kweli katika sikio la baadhi ya Waingereza. Wasikilizeni wanavyozungumza: might wanaisema kutwa, may wanaiweka zaidi katika maandishi na katika ruhusa. Tofauti hiyo ya mahali pa kutumia inamfaa mtoto kuliko asilimia za kubuni. Wenye shida ya namba kweli huandika namba. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi linapoandika "likely" limekwisha kueleza kwamba ni kuanzia asilimia 66. Karatasi za dawa za Ulaya zinaposema athari ni ya kawaida sana, pembeni wanaweka: zaidi ya mtu 1 kati ya 10. Nami ninapozitafsiri karatasi hizo, naichunga may kama yai. "May cause drowsiness" ukiandika "husababisha usingizi", bibi mmoja atazitupa chooni. Andika "huweza kusababisha". Neno moja, na bibi anameza dawa yake.

Imebaki must, na hapa sitaki mnisikilize, nataka mfanye.

Nina kopo hapa la maziwa ya unga. Limefungwa. Nalitikisa. Sikilizeni. Semeni kwa Kiswahili, msiseme kwa Kiingereza: ndani mna nini?

("Mchele!" "Huenda ni kokoto." "Hauwezi kuwa mchele, mchele haulii hivyo." Mama mmoja wa mstari wa mbele, taratibu: "Zitakuwa komwe.")

Simama hapo, mama. Rudia. "Zitakuwa komwe." Za bao, sivyo? Kwa nini umesema zitakuwa? Komwe hizi zitakuwa komwe kesho? Ziko humu sasa hivi! Hujaziona, lakini umesikia mlio, umekumbuka baraza la kwenu, ukakata shauri. Wakati ujao wa Kiswahili umeacha kazi yake, umekuwa wa kukisia kwa ushahidi. Atakuwa amefika. Atakuwa anaumwa. Kiingereza kwa hapo kinasema must: "They must be bao seeds." Mtoto aliyefundishwa kwamba must ni lazima na basi, atatafsiri "ni lazima ziwe komwe", kana kwamba zimetolewa amri.

Na yule bwana wa mchele amejibiwa nini? "Hauwezi kuwa mchele." "It can't be rice." Hakujibiwa "must not", must not ni katazo. Must ya kukisia, kinyume chake ni can't, na ninyi mmelisema hilo sasa hivi bila kufungua kitabu, kwa sababu kwenu pia kinyume cha itakuwa ni haiwezi kuwa. Hii ndiyo kazi ninayowaomba Jumatatu. Leteni kopo. Acheni watoto wabishane kwa Kiswahili dakika kumi, andikeni ubaoni kila walichosema, itakuwa, huenda, inaweza isiwe, haiwezi kuwa, na mkishajaza ubao ndipo muanze kuweka Kiingereza pembeni yake. Mtu wa ukaguzi akiingia akakuta Kiswahili ubaoni kwenye kipindi cha Kiingereza, mwambieni anitafute mimi.

(Nikafungua kopo. Komwe, kumi na mbili, za marehemu babu.)

Nilikuwa na jambo la maybe ya neno moja na may be ya maneno mawili, lakini nasikia vikombe vinagongana huko nje na naona macho yenu yamekwisha kutoka ukumbini. Itakuwa chai.